Kabati la kijani ukutani: maswali mnayotuuliza kuhusu mashine ya kushtua moyo

Tangu tulipotundika lile kabati la kijani karibu na kaunta, maswali hayaishi. Wengine wanauliza kwa utani ("Kocha, hii nayo inachaji simu?"), wengine wamezika ndugu juzi tu na wanauliza kwa sauti ya chini, wakisubiri wenzao watoke kwanza. Nimekusanya hapa yale yanayojirudia, kwa wanachama wa jimu yetu hapa Moshi na kwa yeyote anayeendesha jimu, timu ya mtaa au klabu ya mbio za pole, awe Soweto au Pasua hapa Moshi, au Njiro au Sakina kule Arusha. Mimi ni mwalimu wa mazoezi, si daktari. Nimeandika yale ambayo watu wa kawaida hufundishwa kwenye kozi za huduma ya kwanza, pamoja na tuliyojifunza wenyewe kwa kukosea.

Ni mashine ya nini hasa?

Moyo unaendeshwa na umeme mdogo wa mwili wenyewe. Umeme huo ukivurugika, misuli ya moyo hutetemeka ovyo. Kama umewahi kuona nyama ya mbuzi aliyechinjwa sasa hivi inavyochezacheza, ndiyo hali yenyewe: inacheza, lakini haisukumi damu hata tone. Mtu anaanguka ndani ya sekunde chache. Shoti ya mashine inazima vurugu hiyo yote kwa mkupuo mmoja, moyo unapata nafasi ya kushika mdundo wake upya.

Hospitalini wanaiita difibrileta. Kwenye kasha utaona herufi AED, maana yake ni aina inayosoma mapigo na kuamua yenyewe kama shoti inahitajika. Daktari Frank Pantridge wa Belfast ndiye aliyeitoa mashine hii hospitalini akaipandisha kwenye gari la wagonjwa mwaka 1965, na ile yake ilikuwa na kilo 70 hivi. Yetu ni nyepesi kuliko dambeli ya kilo 5.

Mtu akianguka si huwa ni presha tu?

Kwetu kila anayeanguka "presha imepanda" mpaka ithibitike vinginevyo. Tutenganishe mambo mawili. Mshtuko wa moyo ni mshipa unaolisha moyo kuziba: kifua kinabana, jasho jembamba linatoka, maumivu yanakwenda mkononi au kwenye taya, lakini mtu bado anaongea na wewe. Huyo mketishe, tafuta gari la kumpeleka hospitali, KCMC au Mawenzi, mara moja, na mashine iwekwe karibu naye bila kumbandika, kwa sababu anaweza kubadilika ghafla. Moyo kusimama ni jambo jingine: ukimwita haitiki, na hapumui kawaida. Hapo ndipo kabati linafunguliwa.

Nitajuaje kama hapumui, maana wengine wanakoroma?

Swali zuri kuliko yote, na ndilo linalowachanganya hata watu waliosoma. Moyo ukisimama, mtu anaweza kuendelea kwa dakika moja au mbili kutoa pumzi za kukoroma, za kuvuta kwa nguvu, zenye nafasi ndefu katikati, mfano wa samaki aliyetolewa majini. Hiyo si pumzi. Mwangalie kifua kwa sekunde zisizozidi 10. Kama hakipandi na kushuka kwa utaratibu, hesabu kwamba hapumui.

Na wakati wa kuanguka anaweza kurusharusha mikono na miguu kidogo. Hapo utasikia "kifafa hicho, msimguse!" Imani ya kwamba kifafa kinaambukiza kwa mate au povu haina ukweli, na imewaweka watu wengi kwenye duara wakimwangalia mwenzao anakwenda. Msogelee. Soksi ya kunusisha, kitunguu, maji ya baridi usoni, vyote viweke pembeni.

Tuna muda gani?

Kila dakika inayopita bila shoti na bila kukandamizwa kifua, uwezekano wa kupona unapungua kwa asilimia 7 hadi 10. Hesabu mwenyewe. Kwenye kasino za Marekani, ambako kuna walinzi na kamera kila kona, walioanguka watu wakiwaona na kupigwa shoti ndani ya dakika 3 walipona asilimia 74. Waliocheleweshwa zaidi ya hapo, asilimia 49. Sasa chukua gari kutoka Majengo saa kumi na mbili jioni, watu wanatoka kazini na daladala zinapakia katikati ya barabara, ujiulize utafika KCMC dakika ya ngapi.

Ndiyo maana mashine ya hospitalini, hata iwe nzuri namna gani, haimsaidii anayeanguka kwenye mashine ya kukimbilia ya jimu. Inayomsaidia ni ile iliyo hatua chache kutoka alipo.

Mbona kabati halina kufuli? Haitaibwa?

Hili nitalijibu kirefu, mnivumilie.

Mwaka juzi nilialikwa kuchezesha bonanza la mitaa, uwanja siutaji. Asubuhi waandaaji walitangaza kwenye kipaza sauti, kwa majigambo kidogo, kwamba mwaka huu wana hadi mashine ya kushtua moyo. Mechi ya maveterani, kipindi cha pili, mzee mmoja beki wa kulia alikaa chini katikati ya uwanja, kisha akalala. Nikapuliza filimbi, tukakimbilia mashine. Ilikuwepo kweli. Ilikuwa ndani ya stoo, stoo ina kufuli, ufunguo anao kijana mmoja, na kijana ameenda kununua chipsi. Simu yake tulipoipiga iliita hapo hapo kwenye kibanda cha jirani, ilikokuwa inachajiwa.

Nina tabia ya refa, natazama saa. Kuanzia mzee alipolala mpaka mlango wa stoo ulipofunguka zilipita dakika 11. Mzee mwenyewe, Mungu ni mwema, alikuwa ameishiwa maji na sukari tu. Ufunguo ulipofika alikuwa ameshaketi kivulini, soda mkononi, anauliza matokeo. Watu wakacheka sana. Mimi nilishindwa kucheka, nilikuwa bado nahesabu: 11 mara asilimia 10.

Kwa hiyo hapa kwetu kabati halifungwi. Ukivuta mlango, kengele inalia kwa nguvu mpaka kwenye maegesho ya pikipiki, na hiyo inatosha kuwaita watu na kumtisha mwizi. Kwenye kikao cha wanachama tulilibishania jambo hili karibu saa nzima. Alilimaliza mama mmoja wa kundi la zumba: "Ikiibwa tutachanga tena, tushazoea kuchanga."

Nani anaruhusiwa kuitumia? Lazima awe nesi?

Yeyote. Ukiiwasha inakuelekeza hatua kwa hatua kwa sauti. Viwanja vya ndege vya Chicago vilipotundika mashine hizi ukutani mwaka 1999, katika miaka miwili ya mwanzo watu 18 walianguka wakiwa na moyo unaotetemeka, na 11 kati yao wakaokolewa. Waokoaji wa 6 kati ya hao 11 hawakuwa wamefundishwa wala kuzoea kutumia AED, ingawa watatu kati ya waokoaji hao walikuwa na shahada ya udaktari.

Mafunzo hata hivyo yanaondoa kigugumizi cha mikono. Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania kinafundisha huduma ya kwanza. Kama una jimu, wapeleke walimu wako wote, na usimsahau mlinzi wa usiku.

Nikimpiga shoti mtu ambaye moyo wake unadunda vizuri?

Huwezi. Mashine inasoma kwanza, na isipoona mtetemo unaohitaji shoti inakataa, hata ubonyeze kitufe mara ishirini. Kijana mmoja aliwahi kuniomba ajaribu kwenye mguu wa rafiki yake. Jibu ni lile lile, na nilimfukuza karibu na kabati.

Tufanye nini, kwa mpangilio?

Mtikise mabega, mwite kwa jina. Haitiki, hapumui kawaida: mlaze chali kwenye sakafu ngumu, si kwenye mkeka laini wa yoga. Elekeza watu kwa majina au kwa nguo. Ukisema "mtu akalete mashine" hakuna atakayekwenda, ukisema "Wewe mwenye fulana nyekundu, kabati la kijani, kimbia!" atakimbia. Mwingine apige simu. Mwingine aende getini.

Wewe anza kukandamiza. Kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, viwiko vimenyooka, shuka sentimita 5 hadi 6, kisha kiachie kifua kirudi juu chote. Kasi ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, pungufu kidogo ya mbili kila sekunde. Utachoka baada ya dakika mbili hata kama unabeba kilo 100 kwenye benchi, badilishaneni. Aliyefundishwa kupuliza pumzi atoe mbili baada ya kila mikandamizo 30. Asiyefundishwa akandamize tu.

Mashine ikifika, iwashe kwanza, maelezo baadaye. Kibandiko kimoja kifuani kulia, chini ya mtulinga (ule mfupa unaotoka shingoni kwenda begani), kingine ubavuni kushoto chini ya kwapa. Picha zimechorwa juu yake. Inaposoma, na inapopiga, asiguswe na mtu. Baada ya shoti rudini kwenye kukandamiza papo hapo, msisimame kumtazama usoni. Mashine itasoma tena kila baada ya dakika mbili.

Nikimvunja mbavu?

Inatokea, hasa kwa wazee, na utasikia mlio. Endelea. Mbavu zinaunga.

Kama aliyeanguka ni mwanamke?

Vibandiko vinakaa kwenye ngozi tupu, hakuna njia ya mkato. Blauzi inafunguliwa au kukatwa kwa mkasi, sidiria inakatwa katikati. Ndani ya kabati letu, juu ya mkasi, wembe, glovu na taulo dogo, mtaikuta doti ya kanga. Wapo walioshangaa. Kazi yake ni hii: akina mama wawili wanaishika pande mbili kama pazia, watu wa nje hawaoni, na anayeokoa anafanya kazi bila kujishuku. Wazo lilitoka kwa dada mmoja anayevaa hijabu, aliyeniambia wazi kwamba haogopi kufa hapa jimu kama anavyoogopa kulazwa wazi mbele ya wanaume wanaopiga picha. Na hilo la kupiga picha: ukitoa simu kurekodi, tutakupa kazi ya getini.

Jasho, mvua, bwawa la kuogelea?

Kifua kinafutwa kikauke, ndiyo kazi ya taulo. Kibandiko hakishiki kwenye jasho. Nywele nyingi za kifua, pitisha wembe harakaharaka hapo pa kubandika tu. Kwenye masika, msogeze kutoka kwenye dimbwi. Nyasi mbichi hazina shida. Aliyetolewa bwawani mpeleke pakavu, mfute, na kumbuka anayezama alikosa hewa kwanza, hivyo pumzi kwake ni muhimu mno. Ukiona kivimbe kama kibiriti chini ya ngozi karibu na bega, huyo amewekewa kifaa cha moyo: weka kibandiko kando kidogo, si juu yake.

Na watoto wa akademia ya mpira?

Chini ya miaka 8 au kilo 25 kuna vibandiko vya watoto, au kitufe maalumu cha kupunguza nguvu. Kama havipo, tumia vya wakubwa: kimoja kifuani, kingine mgongoni. Afadhali hivyo kuliko kusubiri.

Makocha wa watoto na wa karate waelewe pia kwamba mpira au teke linalotua kifuani kwa wakati mbaya linaweza kusimamisha moyo usio na ugonjwa wowote. Januari 2, 2023 dunia nzima ilimwona Damar Hamlin, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani, akisimama baada ya kugongwa kifuani, kisha akaanguka. Walikimbilia mashine, na alirudi uwanjani kucheza.

Vijana wana mazoezi, moyo wao utasimamaje?

Wengine wamezaliwa na misuli ya moyo minene kupita kiasi au hitilafu ya umeme wa moyo, na hawajui. Mazoezi makali ndiyo yanayoifichua. Kuanzia miaka 35 hivi na kuendelea, sababu kubwa inakuwa mishipa ya moyo iliyoanza kuziba, na hawa ndio wengi wa wateja wetu wa saa kumi na mbili asubuhi.

Wapenzi wa mpira wana orodha yao. Marc-Vivien Foé wa Kamerun, Lyon, Juni 26, 2003: tulimpoteza. Hapa nyumbani, Desemba 2016, mchezaji wa kikosi cha vijana cha Mbao FC alianguka kwenye uwanja wa Kaitaba, Bukoba, akafariki. Fabrice Muamba, London, Machi 2012: moyo wake haukudunda wenyewe kwa dakika 78, akapigwa shoti 15, akapona, ingawa hakucheza tena. Christian Eriksen, Copenhagen, Juni 12, 2021: shoti moja, pale pale kwenye nyasi, akaamka. Februari iliyofuata alikuwa anacheza Brentford. Nikisoma majina haya naangalia kitu kimoja tu, mashine ilikuwa wapi. Nasi huku kaskazini tumepewa uwanja wa AFCON pale Olmoti, Arusha, humo mashine hazitakosekana. Wasiwasi wangu ni viwanja vya vumbi ambako vijana wetu wanacheza kila Jumapili.

Umeme ukikatika?

Haitegemei TANESCO. Ina betri yake isiyochajiwa, inayokaa miaka kadhaa ikiwa haijatumika. Inajipima yenyewe, taa ya kijani ikiwaka, iko sawa. Mtu wa zamu ya asubuhi anaitazama kabla hajafungua madirisha na anatia saini kwenye daftari. Vibandiko vina tarehe ya mwisho, gundi hukauka. Hesabu kuvinunua upya kila miaka miwili hivi. Na usiiache kwenye gari lililoegeshwa juani.

Inaongea Kiingereza, na mimi Kiingereza kinanipiga chenga.

Tumeyaandika maagizo yake yote kwa Kiswahili, kwa mpangilio ule ule inaousema, kwenye karatasi iliyopigwa lamineti ndani ya mlango wa kabati. Nakala za bure ziko kaunta. Hata usipoelewa neno, fuata picha, na kitufe cha shoti kitawakawaka.

Bei yake? Na nikipata ya mtumba?

Mpya, nchi za nje, nyingi zinauzwa kati ya dola 1,000 na 2,500. Ongeza usafiri na faida ya muuzaji. Sisi tulichanga miezi tisa. Vifaa tiba nchini vinasimamiwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, muulize muuzaji usajili wake kabla hujatoa hela, na umuulize vibandiko vya modeli hiyo utavipata wapi. Hilo la pili wengi wanalisahau.

Mtumba wa soko la Memorial nauheshimu, raba zangu zote zimetoka huko. Lakini mashine iliyokuja na kontena, betri haijulikani umri wake, vibandiko vimekwisha muda na kiwanda hakivitengenezi tena, ukiitundika ukutani unawadanganya watu kwamba wana msaada. Majirani kuchangia moja kwa pamoja, jimu, shule na kanisa la upande wa pili wa barabara, hilo naliunga mkono, mradi anayekimbia aende na kurudi ndani ya dakika tatu, ikiwemo usiku.

Tupige namba gani?

112 ni polisi, 114 ni zimamoto, 115 ni ya kusafirisha wajawazito na watoto wachanga kwenye dharura. Kwa aliyeanguka mazoezini, bandika ukutani namba ya gari la wagonjwa la hospitali iliyo karibu, na ya madereva wawili wa teksi mnaowaamini. Anayekwenda getini ana kazi halisi, maana maelekezo yetu mnayajua: "ukipita bucha, kata kushoto kwenye mwembe." Hata akiamka na kusema yuko sawa, anakwenda hospitali, na mwambieni daktari alipigwa shoti ngapi; mashine imetunza kumbukumbu.

Kwenye mbio za barabarani?

Kilimanjaro Marathon waandaaji wana utaratibu wao wa matibabu. Nasemea mbio zetu za Jumamosi, kundi la watu arobaini wanaopanda kuelekea Mweka. Mashine tunaiweka kwenye begi la mgongoni, na begi analibeba dereva wa bodaboda anayefuata kundi kwa nyuma. Kwa nyuma, kwa sababu wanaoishiwa nguvu wako huko.

Mimi ni mwongoza wageni mlimani, nibebe?

Nyingi zimetengenezwa kwa joto kati ya nyuzi 0 na 50. Usiku wa kupanda kileleni ni baridi kuliko hapo, kwa hiyo soma kitabu cha modeli yako kwanza.

Tutajuaje kama tumejipanga?

Mlaze mtu kwenye kona ya mbali kabisa, bila kuwatangazia wafanyakazi, na shika saa. Sisi kona yetu ya mbali ni chumba cha kubadilishia nguo cha wanaume. Mara ya kwanza mashine ilifika baada ya dakika 2 na sekunde 40, kwa sababu benchi la kifua lilikuwa limeziba njia na binti wa kaunta alilazimika kulizunguka. Tulilihamisha benchi siku ile ile. Mara ya pili, dakika 1 na sekunde 5. Wabeba vyuma wamelalamika kwamba sasa hawajioni vizuri kwenye kioo.